Ukurasa Mpya wa Mwalimu Anyesi

Tovuti ya Mwalimu Anyesi ilikuwa imechakaa kuliko mwenyewe. Yeye alikuwa na miaka arobaini na tisa na bado alipanda ngazi bila kushika ukuta. Tovuti ilikuwa na miaka saba tu, lakini ukiifungua unaweza kuchemsha chai, ukainywa, ukarudi ukakuta picha ya mbele ndiyo kwanza imefika kwenye shingo. Picha yenyewe ilimwonyesha amesuka nywele, kavaa gauni la kitenge cha njano ambacho siku hizi ndicho anachopigia deki barazani. Chini ya picha yalikaa maandishi makubwa: "Anyesi Chilewa, Mwandishi wa Riwaya." Na chini yake tena, kwa rangi nyekundu: "Riwaya mpya inakuja hivi karibuni." Hiyo "hivi karibuni" ilikuwa na mwaka wa sita. Namba ya simu ilikuwa ya laini aliyokwisha kuipoteza, na sehemu ya maoni ya wasomaji ilikuwa imehamiwa na waganga wanaotangaza dawa ya mapenzi na ya kurudisha mali iliyoibiwa.

"Dada Anyesi," alisema Stara, "hii siyo tovuti. Hili ni gofu."

Stara alikuwa na steshenari pale Ipagala. Alichapa kadi za harusi, fulana za misiba na vitambulisho vya wanafunzi, na kwa wenye kutaka alitengeneza tovuti. Alikuwa mtoto wa mjini hasa, wa ukoo ulioanza kuuza na kununua Dodoma kabla mji haujawa mji, na ulimi wake haukuwa na breki. Anyesi alimpenda kwa sababu hiyo, na kwa sababu hiyo hiyo kuna siku alipita upande wa pili wa barabara asionekane.

Siku hiyo hakupita upande wa pili. Aliingia, akavuta kiti, akasema anataka tovuti ibadilishwe yote, maana kazi yake imebadilika.

"Imebadilika kuwa nini?" Stara aliuliza, vidole tayari juu ya kompyuta. "Niandike nini hapa mbele?"

Hapo Anyesi akakwama. Na huko kukwama ndiko kulikomleta.

Inafaa tueleze mambo yalivyofika hapo. Anyesi alifundisha Kiswahili katika sekondari moja ya Nzuguni kwa miaka kumi na minne. Katika miaka hiyo akaandika riwaya tatu, akazichapisha mwenyewe, akaziuza mwenyewe: kwa wanafunzi, kwa walimu wenzake, na kanisani kwa wale wasioweza kumkwepa. Mbili za kwanza zilikwenda vizuri. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na Anyesi alisifiwa, akaacha kazi ili awe mwandishi wa kudumu. Riwaya ya tatu, *Zamu ya Mwisho Kisimani*, maboksi yake mawili bado yako chini ya kitanda, na panya wameshazisoma kurasa za mwanzo. Ya nne haikuisha kuandikwa.

Kisha akafariki baba yake mdogo Gideoni. Anayejua misiba ya Kikristo ya huku anajua kwamba kabla ya mahubiri husimama mtu na karatasi, akasoma historia fupi ya marehemu. Historia hizo ni ndugu wa tumbo moja. Marehemu alizaliwa, akabatizwa, akasoma shule ya msingi, akaoa, akajaliwa watoto kadhaa, akaanza kusumbuliwa na miguu, akafikishwa hospitali mpaka mauti yalipomfika. Ameacha mjane na wajukuu. Ukibadilisha jina tu, unaweza kumzikia hata jirani. Anyesi alipopewa kazi hiyo aliandika vingine. Aliandika jinsi Gideoni alivyokuwa akiwaita ng'ombe wake kwa majina ya wakuu wa wilaya waliopita, na jinsi alivyohama kwaya mara tatu kwa sababu ya sauti moja ya besi asiyoelewana nayo. Waombolezaji walicheka huku machozi yanawatoka, na mchungaji akasahau zamu yake ya kusimama. Wiki iliyofuata simu ikaita. Mwezi uliofuata zikaita nne.

Hivyo kwa miaka minne Anyesi amekuwa akiwaandikia watu wafu wao. Msiba hausubiri: anapigiwa asubuhi, anaketi na wafiwa mchana, kesho saa nne karatasi inasomwa. Familia zilimlipa, zilimshukuru, zilimwita Mwalimu. Na katika kila familia, mwishoni, mtu mmoja humvuta pembeni chini ya mkorosho au nyuma ya jiko na kumnong'oneza. Ile habari ya kesi usiitaje. Yule mtoto wa Manyoni usimhesabu. Pale alipokuwa anakunywa, pitia juu juu. Anyesi alipitia juu juu. Marehemu hasemwi vibaya, na wafiwa wana uchungu, basi akaandika "aliishi vizuri na watu wote" mara nyingi mpaka mkono wake ukawa unaiandika wenyewe.

Jambo hilo lilimuuma. Alikuwa ameacha kazi yenye pensheni ili awe mwandishi, na sasa hakujua kama ni mwandishi au ni mpamba maiti anayetumia kalamu badala ya pamba. Ndiyo maana Stara alipouliza aandike nini mbele, mdomo wake haukutoa kitu.

"Mwandishi wa Riwaya tuifute?" Stara aliuliza.

"Usiifute bado."

"Dada, riwaya ya mwisho uliiandika mimi sijaolewa. Nimeolewa, nimeachika."

Aliyemtoa hapo alikuwa Mzee Mrisho, naye alitokea msibani. Mzee Mrisho ni Mrangi wa Busi, kijiji cha upande wa Kondoa, mwenye mashine ya kukamua alizeti, mtu mfupi mwenye kofia safi na maoni mengi. Alikuja Dodoma kumzika rafiki yake Obedi, mkulima mwenzake wa siku nyingi, na akaisikia historia ya Obedi aliyoandika Anyesi. Ilipokwisha alimfuata hadi kwenye turubai la wanawake, jambo ambalo wazee hawalifanyi.

"Shikamoo mzee," alisema Anyesi.

"Marahaba. Wewe ndiye uliyeandika?"

"Ndiyo, mzee."

"Umeandika vizuri sana. Kasoro moja tu, Obedi hakusikia." Akapangusa kofia yake. "Sisi kwetu tunazikana haraka. Dua, udongo, watu wanaondoka. Ndivyo dini inavyotaka na sina ugomvi nayo. Lakini mimi nina miaka sabini na saba, na mambo yangu sitaki yasemwe masikio yakiwa yamezibwa na mchanga. Njoo Busi uniandikie nikiwa hai. Nataka niisikie mwenyewe."

Anyesi alirudi nyumbani na maneno hayo yakawa yanamtekenya. Kuwaandika walio hai! Mtu aliye hai unaweza kumuuliza. Aliye hai anaweza kukukatalia, akakusahihisha, akakuonyesha mahali. Hakuna wa kukuvuta nyuma ya jiko kwa sababu mwenye habari yupo mezani. Hiyo sasa ni kazi ya mwandishi. Asubuhi yake alikuwa kwa Stara kabla steshenari haijafunguliwa, na maneno ya kuweka mbele ameyaandika kwenye bahasha: "Anyesi Chilewa. Historia za Walio Hai. Kweli yako, ungali na masikio ya kuisikia."

Stara aliisoma mara mbili. "Hiyo nzuri," alisema, na yeye si mtu wa kusifu.

Anyesi alikwenda Busi mara tatu. Abdulrazaki, mtoto mkubwa wa mzee na ndiye mwendesha mashine, hakuipenda habari hiyo hata kidogo. Kumwandika mzazi angali anatembea, alisema, ni kukiita kifo kwa jina lake. Mzee akamjibu kwamba kifo kinamjua kwa jina tangu zamani, hakihitaji karatasi. Mtoto akanyamaza kwa heshima, lakini kila Anyesi alipokuja alimsalimia akiwa anaangalia alizeti.

Katika safari ya pili mzee alimpeleka shambani, akamwonyesha kitu alichojivunia kuliko mashine. Zamani bonde lile lilikuwa na korongo lililokuwa likimega shamba la baba yake kila masika, upana wa nyumba, kina cha watu wawili. Sasa palikuwa na mteremko mpole uliosimama alizeti, na mikonge imepangwa kwa mistari kama wanafunzi.

"Tulianzia chini kabisa," alisema mzee, akionyesha kwa fimbo. "Tukapanga mawe, tukaacha maji yalete udongo, tukapanga tena juu yake. Mimi na Lulu."

"Lulu ni nani, mzee?"

Mzee aliikita fimbo chini.

"Mke wangu wa kwanza," alisema. "Tulikaa miaka mitano. Hatukujaliwa mtoto, nikamwacha. Akaolewa Kondoa mjini, akazaa. Lakini hilo usiliandike, Mwalimu. Wanangu wanamjua mama yao, Mungu amrehemu, na wanajua shamba hili ni la mama yao. Ukimwingiza Lulu utanivunjia nyumba uzeeni."

Anyesi alikuwa na kalamu mkononi. Alikuwa na wino. Alikuwa, kwa kauli yake mwenyewe kwenye bahasha, na kweli. Naye akasema, "Sawa, mzee," akafunga daftari, wakaendelea kutembea. Wala hakuhisi kitu siku ile, na hilo ndilo baya zaidi. Miaka minne ya kuitikia nyuma ya jiko ilikuwa imemfundisha adabu mbaya.

Aliandika, "Mrisho alilizuia korongo kwa mikono yake mwenyewe." Sentensi ilikaa vizuri. Mzee alisomewa na kuikubali, na akataka iwekwe hapo kwenye tovuti, na picha yake juu, ili hata jamaa wa Babati na Singida waione.

Alhamisi alasiri ukurasa mpya ukapanda. Stara alikuwa ametumia kiolezo alichokinunua, mwonekano uliokwisha kupangwa ambao wewe unajaza majina tu. Juu kulikuwa na neno "HISTORIA". Chini yake picha ya Mzee Mrisho katika kanzu nyeupe, anatazama mbele bila kucheka. Chini ya picha, jina kamili na mwaka wa kuzaliwa: 1948, kikafuata kistari, na baada ya kistari, hakuna kitu. Kiolezo ndicho kilichoweka kistari. Kisha habari yenyewe: "Mzee Mrisho alizaliwa katika kijiji cha Busi..." Wote wawili waliitazama, wakaona imependeza. Anyesi akamtumia Abdulrazaki kiungo kwenye simu, akaenda nyumbani kupika.

Sasa wewe uliyezaliwa nchi hii, nakuuliza: ukiletewa kwenye simu picha ya mzee wa miaka sabini na saba, amevaa kanzu, chini yake mwaka wa kuzaliwa na kistari na "alizaliwa", na aliyeandika ni Mwalimu Anyesi anayejulikana Dodoma nzima kwa kuandika wafu, utasoma mpaka chini uhakikishe? Hutasoma. Abdulrazaki alikipitisha kiungo kwenye kundi la ukoo bila kuongeza neno, kwa kuwa hakuwa na neno zuri la kuongeza, akazima simu akarudi mashineni. Binamu mmoja Babati aliiona picha, akaandika, "Innalillahi wa inna ilaihi rajiun." Wa pili akamfuata, na wa tatu. Baada ya saa moja walikuwa arobaini. Na kwa vile Waislamu hawachelewi kuzika, hakuna aliyepoteza muda kupiga simu kuuliza. Ukiuliza utakosa maziko. Watu walifunga vibegi.

Ijumaa saa mbili asubuhi simu ya Anyesi ikaita.

"Mwalimu," ilisema sauti ya Abdulrazaki, taratibu kabisa, "umemuua baba."

"Mzee amefariki?"

"Mzee yuko hapa anakunywa uji. Lakini uwanjani nina watu sitini, na basi lingine linashusha. Njoo uwaambie mwenyewe."

Stara alifunga steshenari, wakaingia kwenye gari lake dogo, wakashika barabara ya Kondoa. Anyesi aliona kazi yake mpya imekufa kabla ya arobaini ya ile ya zamani. Nani atataka kuandikwa akiwa hai na mtu aliyemwitia mwenzake msiba? Stara, kwa upande wake, alikilaani kile kistari mpaka lami ikaisha na vumbi likaanza.

Walipofika, uwanja ulikuwa umejaa. Majamvi yametandikwa, wanaume upande mmoja, wanawake upande wa pili karibu na jiko, na masufuria ya kuazima yalikuwa tayari mekoni, maana watu wa mbali hawarudishwi na njaa, awe kafa mtu au hajafa. Katikati ya wanaume, kwenye kiti cha kamba, aliketi marehemu. Alikuwa anapokea pole za kifo chake mwenyewe, na hakuonekana kuchukia.

"Nilisikia nimekufa," alikuwa akimwambia kila anayefika, "nikasema huo msiba nisiukose."

Wengine walicheka mpaka wakakaa chini. Wengine walimshika mkono wakalia kwa kuona una joto. Shangazi mmoja wa Singida alikasirika kabisa na kudai nauli, akaambiwa anywe chai kwanza. Abdulrazaki alisimama kando, uso umekunjwa, na Anyesi alipomsogelea kumwomba radhi hakumwachia hata nusu ya tabasamu.

"Usiniombe mimi," alisema. "Waombe hao."

Anyesi akasimama mbele ya watu. Akaeleza kosa, akaeleza kistari, akasema lawama ni yake wala si ya mtu mwingine. Watu walimsikiliza kwa upole. Kisha sauti ikatoka kwa wanaume nyuma: "Basi tusomee! Tumetoka mbali. Hatuwezi kurudi hatujazika wala hatujasikia." Wengine wakaitikia. Mzee Mrisho akanyoosha mgongo kwenye kiti. Hiki ndicho alichokitaka tangu msiba wa Obedi, na kilikuwa kimekuja chenyewe, na wali juu.

Anyesi akatoa karatasi, akasoma. Alisoma utoto wa mzee, njaa ya mwaka ule, safari za miguu kwenda kuuza mbaazi. Watu walicheka palipostahili. Akafika kwenye bonde. "Korongo lilikuwa likimega shamba kila masika, na wengi walikwisha kukata tamaa. Mrisho alilizuia kwa mikono yake mwenyewe."

"Na mimi, mwanangu," ilisema sauti upande wa wanawake, "nilikuwa wapi?"

Haikuwa sauti ya ugomvi. Aliyesema alikuwa mama wa makamo ya sabini, amekaa karibu na mlango wa jiko, kanga imefungwa kiunoni kwa kazi, na pembeni yake kapu la choroko alilokuja nalo, kama watu wanavyokuja na chochote msibani. Wazee wachache walimtambua, ukaona wanainama. Vijana waliulizana. Anyesi hakuwahi kumwona, na hakuhitaji kuambiwa.

"Sikuja kudai kitu," aliendelea Bi. Lulu. "Jirani yangu alinisomea kwenye simu kuwa Mrisho amefariki. Nikasema, tulikula chungu kimoja, niende nikamzike. Basi nimemkuta mzima, alhamdulillahi. Lakini umesoma korongo. Mawe ya chini kabisa niliyapanga mimi, maana huyu mgongo ulikuwa unamsumbua. Misimu mitatu. Nimekuuliza tu, nilikuwa wapi?"

Mzee Mrisho alikuwa anaangalia ncha ya fimbo yake. Abdulrazaki alimtazama baba yake, kisha mama yule, kisha Anyesi, na machoni mwake ilionekana kwamba hakuwahi kusikia habari za mama huyo ndani ya nyumba yao.

Anyesi alijua la kusema. Amelisema mara nyingi: kwamba historia ni fupi, kwamba muda hautoshi, kwamba mengi yameachwa si kwa ubaya. Familia ingemshukuru. Mzee angempa mkono. Na ile tovuti ingebaki na maneno yake mazuri ya mbele. Aliiangalia karatasi, akaona aibu ya kweli, ile inayopandisha joto masikioni.

"Ulikuwepo, mama," alisema. "Nilijua. Nilioneshwa bonde, nikatajiwa jina lako, nikaambiwa nikuache, nikakuacha. Sikulazimishwa. Nilikubali kwa neno moja. Naomba unisamehe."

"Mwalimu, inatosha," Abdulrazaki alisema kwa sauti ya chini.

"Haijatosha," alisema Anyesi, na kukaa palepale chini kwenye vumbi.

Kutoka jikoni mtu alifunika sufuria, na mlio wake ulisikika uwanja mzima. Hatimaye Mzee Mrisho akainua kichwa. Hakumtazama Anyesi wala mtoto wake. Alitazama upande wa jiko.

"Misimu miwili," alisema.

"Mitatu, Mrisho," alisema Bi. Lulu.

"Wa tatu mvua haikunyesha."

"Haikunyesha, na ndiyo sababu tulipanga mawe mengi. Ulikuwa unasema ardhi kavu haitelezi."

"Nilisema hivyo," mzee alikubali. Kisha akamgeukia mtoto wake, na sauti ikawa nyingine, ya mtu aliyechoka. "Abdulrazaki, njoo umsalimie. Hili shamba mama yako alilikuta lina udongo. Huyu ndiye aliyeuleta."

Abdulrazaki hakwenda mara moja. Tusidanganyane, alisimama kwa muda ambao kila mtu aliuona mrefu, mtu mzima mwenye wajukuu, mikono nyuma. Halafu akavuka uwanja, akainama mbele ya mama wa watu, akasema, "Shikamoo, mama." Bi. Lulu akaitikia marahaba, akamuuliza hali ya watoto, akasogeza kapu ili apate pa kukaa. Hakukaa, lakini alichukua kapu akalipeleka ndani mwenyewe.

Baada ya swala ya Ijumaa na wali, Anyesi alikaa kwenye jamvi na daftari, Bi. Lulu mbele yake, na Mzee Mrisho kwenye kiti chake akidakia kila sentensi ya tatu. Walibishana juu ya rangi ya punda, juu ya nani aliyeleta mche wa kwanza wa mkonge, juu ya siku ya talaka, ambayo mzee alisema ilikuwa Jumatano na Bi. Lulu akasema yeye ndiye aliyebeba sanduku kwa hiyo anaijua siku. Katika hilo mzee hakubisha. Anyesi aliandika yote, na pale wawili walipotofautiana aliandika maneno ya wote wawili, akaona mkono wake unakwenda kwa namna ambayo hakuikumbuka tangu riwaya ya pili.

Jumatatu alikuwa tena steshenari. Stara alikuwa ameshakiondoa kistari na kuweka picha nyingine ambayo mzee anacheka mpaka pengo linaonekana.

"Simu zako zimeingia mbili," alisema. "Mmoja anataka kuandikwa. Mwingine anauliza kama kweli wewe unaandika hata yale mtu aliyokukataza. Nimemwambia nitakuuliza."

"Mwambie kabla ya kuandika nitamwambia yapi siwezi kuyaacha. Akikataa, tusianze."

"Utabaki na mteja mmoja, dada."

"Nitabaki naye. Sasa ongeza hii." Akampa karatasi iliyokunjwa.

Stara aliisoma, akainua macho. "Hakuna fundi anayebandika kosa lake dukani. Niiweke chini kabisa, kwa herufi ndogo?"

"Iweke juu."

"Juu ya habari ya mzee?"

"Juu ya jina langu."

Stara alitaka kusema kitu, na kwa mara ya kwanza tangu Anyesi amjue hakukisema. Akavuta kibodi, akaandika taratibu, neno kwa neno, kama alivyopewa:

"Habari ya Mzee Mrisho wa Busi ilitoka mara ya kwanza bila Bi. Lulu, aliyepanga mawe ya chini ya korongo kwa misimu mitatu. Mzee anasema miwili. Aliyemwacha nje ni mimi niliyeandika, nami nilijua."